Nani alimrushia Ichabod boga? Binti yangu kakatwa alama, wajuzi wa fasihi njooni

#1 Baba Wawili

Habari zenu wakuu.

Niko Columbus, Ohio. Binti yangu wa darasa la nane kapewa kazi ya kuchambua The Legend of Sleepy Hollow ya Washington Irving, ile ya mpanda farasi asiye na kichwa. Swali la mwisho: nani alimfukuza mwalimu Ichabod Crane usiku ule? Binti kajibu "hadithi haisemi" na kaeleza ukurasa mzima. Mwalimu wake kamkata alama, kaandika pembeni kwamba ni Brom Bones na jibu liko wazi.

Jana nimeisoma mwenyewe hadi saa saba usiku. Kiingereza cha 1820 si mchezo, sentensi inaanza hapa unaimaliza umesahau ilikotoka.

Kwa asiyeijua: ni mwaka 1790 hivi, bondeni karibu na Tarry Town, kando ya mto Hudson, jimbo la New York. Wenyeji ni Waholanzi wa siku nyingi, wakulima walioshiba. Anakuja mwalimu kutoka Connecticut, Ichabod Crane, mrefu, mwembamba, masikio makubwa. Anamtaka Katrina Van Tassel, miaka 18, mtoto pekee wa mzee Baltus mwenye shamba nono. Mpinzani wake ni Brom Van Brunt, kijiweni wanamwita Brom Bones, pande la mtu na bingwa wa farasi. Usiku wa sherehe kwa kina Van Tassel watu wanasimuliana habari za askari wa Kijerumani wa kukodiwa, aliyeng'olewa kichwa na risasi ya mzinga kwenye vita vya uhuru wa Marekani, ambaye kila usiku hupanda farasi kukitafuta. Ichabod anabaki nyuma kuzungumza na Katrina, anatoka amenywea. Njiani anafukuzwa na mtu aliyepakata kichwa chake kwenye tandiko. Wanavuka daraja, kichwa kinarushwa, kinampata. Asubuhi farasi yupo, tandiko lipo, kofia ipo na pembeni yake boga lililopasuka. Mwalimu hayupo.

Mimi namuunga mkono binti. Nyie mnasemaje?

#2 Kiroboto

Yaani mtoto kakatwa alama, baba kaja kukata rufaa huku. Nimekaa paleee na karanga zangu.

#3 Fundi Saa

Mwalimu yuko sahihi, mkuu. Angalia ushahidi.

Boga kwanza. Mzimu haulimi maboga. Halafu Brom, akishamuoa Katrina, kila ikitajwa habari ya Ichabod anaonekana ana lake moyoni, na likitajwa boga anaangua kicheko. Mtu asiyehusika anachekea nini? Na la tatu ambalo wengi hulipita: barabarani zilikutwa kwato zimechimba udongo kwa mbio, zikafuatwa hadi darajani. Kwato za farasi zaidi ya mmoja. Farasi wa mzimu anaachaje kwato?

Kesi imekwisha.

#4 Kiroboto

Wewe mpelelezi, maliza kwanza kesi ya pikipiki yangu uliyoiazima kwenda Turiani.

#5 Mlevi wa Vitabu

Salamu kutoka Nakuru.

Fundi, umejuaje ni farasi zaidi ya mmoja? "Kwato za farasi" haituambii idadi. Farasi mmoja, farasi kumi, neno ni lilelile.

#6 Fundi Saa

Ndiyo maana nilirudi kwenye Kiingereza chenyewe. Kaandika kwa wingi, ile alama ya juu imekaa baada ya herufi s.

#7 Mlevi wa Vitabu

Kesi nzima imening'inia kwenye alama ya juu ya herufi s! Sawa, nakupa hiyo moja. Ila jiulize, hizo kwato ziliripotiwa na nani? Na majirani walewale waliokwenda kumtafuta wakiwa wameshamezeshwa hadithi ya mzimu tangu utotoni. Hatuna shahidi hata mmoja aliyemwona Brom barabarani.

#8 Nyuki wa Dodoma

Mimi nafundisha fasihi sekondari, niruhusuni niingie hapo kwenye mashahidi, maana hapo ndipo penye utamu.

Mnauliza nani alirusha boga kabla ya kuuliza nani anasimulia. Irving haandiki kwa jina lake. Kitabu kizima kimetolewa kwa jina la kubuni, Geoffrey Crayon. Huyo Crayon anasema habari hii imekutwa kwenye karatasi za marehemu Diedrich Knickerbocker, naye ni wa kubuni. Ukifika mwisho kuna nyongeza ambayo watu huiruka: Knickerbocker anasema aliisikia kwenye kikao huko mjini New York, kwa bwana mmoja aliyevaa nguo zilizochakaa. Na huyo bwana yote anayoyasema ni ya kuambiwa na watu wa bondeni. Habari imepita midomo minne kabla haijakufikia.

Kwenye nyongeza hiyo kuna mzee mkavu anauliza, hadithi hii inafundisha nini? Msimulizi anampa hoja ya kuzungukazunguka isiyo na kichwa wala miguu (samahani kwa neno kichwa). Mzee akibisha, anajibiwa na msimulizi kwamba hata yeye haamini nusu ya aliyoyasema.

Sasa mwalimu wa Ohio anataka jibu la uhakika kwenye hadithi ambayo mwenyewe aliyeisimulia kaikana. Mtoto apewe alama zake.

#9 Chapati Moto

Mbona mimi najua Ichabod ni askari mpelelezi aliyetumwa kutoka New York na vifaa vyake vya maabara? Na vichwa vilikatwa vingi tu.

#10 Nyuki wa Dodoma

Hiyo ni filamu ya 1999, ndugu. Kwenye maandishi ni mwalimu wa shule ya magogo ya chumba kimoja, madirisha yamezibwa kwa karatasi za madaftari ya zamani. Na hakuna anayekatwa kichwa mbele yetu hata mmoja.

#11 Chapati Moto

Basi nimedanganywa miaka yote. Nimeshuka.

#12 Mzee Kifimbo

Vijana, mnakimbilia kusema Brom. Someni mambo ya darajani.

Palepale kwenye sherehe Brom anajitapa kwamba aliwahi kushindana mbio na huyo mpanda farasi, wakitokea kijiji jirani cha Sing Sing, dau bakuli la kinywaji. Anasema angemshinda, ila walipofika daraja la kanisa yule kiumbe akatoweka kwa mwako wa moto. Ndiyo maana Ichabod anajiambia nikifika darajani nimepona. Watu wa maji wanaelewa, mto ni mpaka.

Na mimi yamenikuta. Mwaka 1978 natoka Korogwe kwa baiskeli, usiku, katikati ya mkonge. Nasikia ta-ta-ta nyuma yangu. Nikiongeza mwendo kinaongeza, nikipunguza kinapunguza, nikisimama kimya. Ni vilevile kama Ichabod, maana yule naye alipopunguza mwendo mwenzake alipunguza. Nilipofika nyumbani nikaangalia, kamba ya mpira ya kufungia mzigo ilikuwa inapiga spoku.

#13 Kiroboto

Sasa mzee si umejijibu mwenyewe?

#14 Mzee Kifimbo

Kamba niliifunga vizuri nilipotoka. Nani aliifungua?

#15 Fundi Saa

Mzee shikamoo. Lakini hilo daraja ndilo linalomfunga Brom kamba shingoni. Kanuni inasema mzimu ukifika darajani unatoweka. Ichabod kavuka, kageuka aone mwako wa moto, badala yake jamaa kasimama kwenye vikuku vya tandiko na kumrushia kichwa. Kanuni imevunjwa. Mzimu wa kweli ungeifuata, binadamu hana habari nayo.

#16 Mlevi wa Vitabu

Au kanuni yenyewe Brom aliitunga mezani dakika chache kabla, ili Ichabod akimbilie pale anapotakiwa. Hapo ndipo namvulia kofia Irving. Kile tunachokiita kidokezo cha mambo yajayo hakikuwekwa na mwandishi peke yake, kimewekwa na mhusika ndani ya hadithi. Brom ni mtunzi. Alitunga, akaigiza, akavaa na vazi.

Ila msinihesabu upande wa Fundi. Kwenye sherehe hiyohiyo kuna habari ya mzee Brouwer, asiyeamini mizimu, ambaye walipofika darajani mpanda farasi aligeuka mifupa, akamtupa kijitoni na kuruka juu ya miti. Kwa hiyo habari za darajani zilikuwapo bondeni hata bila Brom.

#17 Mzee Kifimbo

Marahaba Fundi. Na mwenzako Mlevi kanipa nilichotaka.

#18 BintiMakame

Wanaume mmejazana hapa mnahesabu kwato. Katrina je?

Nimeipitia upya kutafuta anasema nini. Hasemi neno hata moja! Msimulizi anatwambia ni mnono kama kwale, ana mashavu mekundu, anajua kujipamba, anapenda kuchezea nyoyo za watu. Wakati wa yale mazungumzo ya mwisho na Ichabod, ambayo ndiyo roho ya kisa, mlango unafungwa. Msimulizi anauliza kama alikuwa akimtumia mwalimu kumtia wivu Brom, kisha anasema Mungu ndiye ajuaye. Yaani anajua mawazo ya Ichabod, anajua na tabia ya farasi, lakini la Katrina halijui. Mimi nasema hiyo ni mbinu. Kaacha shimo pale makusudi.

Na Ichabod si mpenzi. Ni tumbo. Akiliangalia shamba la Baltus anaona nguruwe anatembea na tufaha mdomoni na njiwa waliolazwa ndani ya mkate. Kisha anawaza kuliuza lote, anunue ardhi ya mwitu, ampakie Katrina na watoto kwenye gari la farasi waende Kentucky au Tennessee. Msichana hajaulizwa, shamba limeshauzwa!

#19 Nyuki wa Dodoma

BintiMakame amegusa penyewe. Wanafunzi wangu huandika "dhamira ni mapenzi" nikawakata alama. Dhamira ni mali. Waholanzi wamekaa, wanalima, wanashiba, wanasimulia. Yule wa Connecticut anaona pesa na safari ya magharibi. Irving alikuwa anawacheka watu wa New England, yale majimbo ya kaskazini-mashariki ikiwamo Connecticut, na Brom akimfukuza Ichabod ni bonde linajilinda na mtu anayekuja kuligeuza bidhaa.

#20 Kiroboto

Mwalimu unayekata alama naye yupo humu. Baba Wawili, umemuona adui yako?

#21 Mzee Kifimbo

Kuhusu jina. Ichabod ndiye Ikabodi wa kwenye Biblia, 1 Samweli 4. Mke wa Finehasi anajifungua baada ya kusikia sanduku la agano limetekwa na mumewe na mkwewe wamekufa, akamwita mtoto Ikabodi, akisema utukufu umeondoka katika Israeli. Na Crane ni korongo. Sasa mtu anaitwa Utukufu-Umeondoka Korongo, ana miguu mirefu na pua ndefu, utategemea aoe?

#22 Mlevi wa Vitabu

Mzee hiyo ni dhahabu. Kenya tungeiita majazi, jina linalobeba tabia ya mhusika. Na humo kuna kinaya, mwimbishaji wa zaburi kanisani kubeba jina la msiba.

#23 Fundi Saa

Kinaya ndiyo kejeli?

#24 Mlevi wa Vitabu

Hapana! Kejeli ni kumdhihaki mtu. Kinaya ni jambo kutokea kinyume cha matarajio. Ichabod ana kitabu cha Cotton Mather, mchungaji wa zamani, kuhusu uchawi wa New England, anakiamini neno kwa neno, hodari wa kuwatisha mabibi kwa visa vya vimondo usiku. Kisha anayetishika hadi kupotea ni yeye. Hicho ni kinaya.

#25 Nyuki wa Dodoma

Na kule kutiliwa chumvi kwa umbo lake, mikono inaning'inia nje kabisa ya mashati, nyayo kama sepetu, nyie mnaita chuku, sisi vitabuni tunaandika mubalagha. Tusigombane, mtoto anasoma Ohio huyu.

Ila jambo moja nawaomba wote: mzimu si mzuka. Mzimu ni wa wahenga, una kwao na wenyewe, unatambikiwa. Huyu Mjerumani hana ndugu Tarry Town, hakuna wa kumtambikia. Ni mzuka.

#26 Chapati Moto

Nimerudi. Nina mzuka na huu uzi.

#27 BintiMakame

😂😂😂

#28 Kijana wa Yonkers

Nimechelewa, nilikuwa kazini. Hiyo sehemu naijua, ni treni ya kando ya Hudson tu kutoka kwangu. Niwape mawili matatu ya huku.

Mji wa leo wa Sleepy Hollow zamani uliitwa North Tarrytown. Wakazi walipiga kura ya kubadili jina mwaka 1996, mwaka uleule kiwanda cha magari cha General Motors kilipofungwa pale. Kwa hiyo hadithi ndiyo iliyoupa mji jina, kiserikali. Kanisa la kale la Waholanzi bado lipo, makaburi yapo, na Irving mwenyewe kazikwa palepale baada ya kufa 1859. Daraja la hadithini halipo tena, kijito cha Pocantico kipo.

Nikienda Oktoba ni vurugu, maboga yaliyochongwa macho na mishumaa ndani kila kona. Sasa nendeni kwenye maandishi. Halloween, ile sikukuu ya mizuka ya mwisho wa Oktoba, haitajwi. Boga halijachongwa na haliwaki moto. Ni boga tu limepasuka kando ya kofia. Na zaidi ya hapo, hakuna sentensi inayosema boga ndilo lililomgonga. Kilichorushwa kinaitwa kichwa. Boga linatokea asubuhi. Kuunganisha hayo mawili ni kazi yako wewe msomaji.

#29 Fundi Saa

Sasa Yonkers, unataka kusema boga lilijiendea lenyewe kando ya mto saa nane usiku?

#30 Kijana wa Yonkers

Nasema alichofanya Irving ni kukupa vitu viwili na kukuacha uvijumlishe. Umejumlisha, sasa unadai yeye ndiye aliyejumlisha.

#31 Baba Wawili

Hii ya Yonkers ndiyo karibu na alichoandika binti. Endeleeni, nasoma kwenye basi.

#32 Mlevi wa Vitabu

Kuhusu huyo Mjerumani. Si wa kubuni hewani. Waingereza walikodi karibu askari 30,000 wa Kijerumani kwenye ile vita, na jenerali mmoja wa Marekani, William Heath, anataja kwenye kumbukumbu zake askari wa mizinga wa Kijerumani aliyeng'olewa kichwa na mzinga, siku chache baada ya mapigano ya White Plains, 1776. White Plains na Tarrytown ni majirani.

Ila mfumo wa kisa kaukopa. Irving aliandika haya akiwa Uingereza, na alikuwa ameshamtembelea mwandishi Mskoti Walter Scott mwaka 1817. Scott ndiye aliyetafsiri shairi la Mjerumani Bürger la mwindaji mzuka anayepanda farasi. Na shairi la Tam o' Shanter la Mskoti Robert Burns lina mlevi anayefukuzwa na wachawi usiku akikimbilia daraja, kwa sababu wachawi hawavuki maji yanayotiririka. Farasi wake anapona lakini mkia unabaki mikononi mwa mchawi. Kwa hiyo daraja la mzee Kifimbo limetoka Scotland.

#33 Mzee Kifimbo

Mwanangu, Mskoti na Mholanzi na Mzigua wote wakisema maji ni mpaka, wewe unaona wameibiana. Mimi naona wote wamekutana na kitu kilekile.

#34 Nyuki wa Dodoma

Kwenye asili ya Ichabod pia kuna ubishi. Kulikuwa na askari halisi wa jeshi la Marekani aitwaye Ichabod Crane, jina likafanana. Lakini wa Kinderhook, juu zaidi ya mto, wanamdai mwalimu wao Jesse Merwin, rafiki wa Irving. Irving mwenyewe aliandika kwenye barua ya Merwin kwamba huyu ndiye Ichabod wa asili. Jina la mmoja, sura ya mwingine, mahali pa tatu.

#35 Kijana wa Yonkers

Kinderhook watuachie, wana rais wao Martin Van Buren inatosha.

#36 BintiMakame

Nirudi kidogo. Kuna mtu amemwona mpiga fidla?

Kwenye sherehe muziki unapigwa na mzee Mweusi mwenye mvi, kazunguka nao vitongojini zaidi ya nusu karne, ala yake kuukuu kama mwenyewe. Barua ya mwaliko inaletwa shuleni na mtu Mweusi juu ya mwanafarasi asiyefundishwa, kamba ndiyo hatamu. Na Ichabod anapocheza, Weusi wa shambani wanajazana milangoni na madirishani kutazama.

Sasa: farasi wa Ichabod anaitwa Gunpowder. Farasi wa Brom anaitwa Daredevil. Wale watu hawana jina hata mmoja.

#37 Kijana wa Yonkers

Daah. Na hao hawakuwa vibarua. Sensa ya 1790 ilihesabu watumwa zaidi ya 21,000 jimbo la New York. Sheria ya kuwaacha huru polepole ilipita 1799 na utumwa ukaisha kabisa 1827. Kwa hiyo hadithi inatoka 1820, bado kuna watumwa kando ya Hudson. Palepale Sleepy Hollow kuna shamba la kale lenye kinu, Philipsburg Manor, leo ni makumbusho, na waliokiendesha kinu walikuwa Waafrika watumwa.

Watu huku wanakwenda kutazama mzuka wa kubuni, wanapita mbele ya kinu.

#38 Nyuki wa Dodoma

Nimefundisha hadithi hii miaka kadhaa kwa mfano wa mandhari na taharuki, la majina ya farasi sikuwahi kuliona. Asante.

Inafungua na jambo la kifani. Irving anasema bonde limerogwa, kisha anatoa sababu: wengine husema daktari wa Kijerumani aliliroga, wengine mzee mmoja chifu wa Wahindi Wekundu alikuwa akifanyia matambiko yake pale kabla ya baharia Hudson, yule ambaye mto una jina lake, kufika. Sababu mbili, hachagui. Kitabu kinaanza kwa kutochagua na kinaisha kwa kutochagua. Ila watu anaowaorodhesha kama chanzo cha uchawi ni wageni na wenyeji waliokwisha kuondolewa. Waliopo shambani hawaulizwi kitu. Pengine wao ndio walijua Brom alitoka zizini saa ngapi.

#39 Fundi Saa

Hilo la mwisho nalipenda. Shahidi alikuwapo, hakuitwa.

#40 Kiroboto

Mimi ninayecheka cheka ngoja niulize swali. Pesa zilikwenda wapi? Maana nimeisoma leo mchana kwa ajili yenu. Mwalimu alikuwa kalipwa mshahara wa robo mwaka siku moja mbili kabla, na msimulizi anasema lazima alikuwa nazo mwilini. Chumbani wamekuta mashati mawili na nusu, wembe wenye kutu, kitabu cha zaburi, filimbi ya kutafutia sauti iliyovunjika. Pesa hakuna. Mimi nasema mwalimu kalamba mshahara, kaona demu kamkataa, katimka zake.

#41 Mlevi wa Vitabu

Kiroboto kasoma! Wekeni alama tarehe ya leo.

Na maandishi yanamsaidia. Miaka kadhaa baadaye mkulima mmoja anarudi kutoka New York na habari kwamba Ichabod yu hai, kahamia mbali, kafundisha huku akisoma sheria, kawa wakili, mwanasiasa, kaandika magazetini, mwisho hakimu wa mahakama ya madai madogo.

#42 Mzee Kifimbo

Na mabibi wa bondeni, ambao msimulizi anasema ndio waamuzi bora wa mambo haya, wanasema alichukuliwa. Shule imebaki gofu, na kijana wa kulima akipita jioni anasikia kwa mbali sauti yake ikiimba zaburi. Huyo wakili nani kamwona? Mkulima mmoja tu.

#43 BintiMakame

Mwanasiasa na mzuka, anaweza kuwa vyote viwili mzee.

#44 Baba Wawili

Nimemsomea binti uzi wote, nikimtafsiria vipande. Amecheka sana kwenye Korongo. Halafu kanionyesha sehemu ambayo hakuna mliyeigusa.

Mkulima yule anasema Ichabod aliondoka kwa sababu ya aibu ya kukataliwa, na kwa hofu ya mzuka *na ya Hans Van Ripper*. Van Ripper ndiye mwenye nyumba aliyemuazima farasi na tandiko lake la Jumapili. Kwenye mbio tandiko linachomoka, linakanyagwa na farasi wa nyuma, na Ichabod katikati ya kukimbizwa na kitu kisicho na kichwa anapata sekunde ya kuogopa hasira za mwenye tandiko! Binti anasema mtu hakukimbia mzuka wala Brom, kakimbia deni.

#45 Nyuki wa Dodoma

Nimesimama kuipigia makofi hii. Na mjue kwamba mwaka 1809 Irving alitangaza kitabu chake cha kwanza cha Knickerbocker kwa kuweka matangazo ya uongo kwenye gazeti la Evening Post la New York, kwamba mzee Diedrich Knickerbocker kapotea hotelini bila kulipa, na mwenye hoteli atauza maandishi yake afidie deni. Watu waliamini. Kwa hiyo msimulizi wetu naye ni mtu aliyepotea na deni la watu.

#46 Fundi Saa

Bado Brom ndiye aliyerusha. Deni linaeleza kwa nini hakurudi, halielezi boga.

#47 Mzee Kifimbo

Wala halielezi kamba.

#48 Kiroboto

Fundi naona neno deni limekugusa. Kiti cha pikipiki kimechanika ubavuni, nilikuta magazeti yamefunika. Tandiko la Jumapili lile.

#49 Fundi Saa

Kilichanika chenyewe. Nilipofika darajani Mkindo nikasikia kitu nyuma yangu.

#50 Kiroboto

Elfu thelathini na tano. Tuma kwenye namba ileile.